Redio ya tachi kwa IST: Android ya inchi 9 au ya kampuni ya inchi 7? Wazoefu njooni

#1 Kisiki wa Goba
Wakuu, salama?

Nina Toyota IST toleo la pili, ilikuja na redio yake ya Kijapani. Juzi nimebadilisha betri, kuwasha gari kioo kinaleta maandishi yao na kisanduku cha kuandika namba ya siri. Ikagoma hapo hapo. Na hata ilipokuwa nzima, FM yake haikuvuka 90.0, kituo cha EFM nilikuwa nakisikia nikipanda daladala.

Nimezunguka Kariakoo, kila duka lina dini yake. Mmoja anasema chukua Android ya inchi 9, RAM GB 2 (ya kufanyia kazi) na ROM GB 32 (ya kuhifadhia), laki tatu na nusu pamoja na kufunga. Mwingine anayo ya kampuni yenye jina, inchi 7 kasoro, ina CarPlay na Android Auto (za kuleta simu yako kwenye kioo cha redio), ila bei ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Wa tatu kanishangaza: "Kaka, redio yako haijafa, lipia namba ya siri uendelee na maisha." Fundi wangu wa gari naye kasema nisiguse Android kabisa, eti zote zinakuwa nzito kabla mwaka haujaisha.

Mahitaji yangu: muziki kwa Bluetooth, kuongea na simu bila kuishika, ramani, kamera ya nyuma. Mziki wa kutikisa vioo vya jirani sina haja nao. Nichukue ipi? Na hilo la kuwa nzito ni kweli au ni chuki tu?

#2 Mtazamaji
Nimeweka kiti. Passo yangu ina ugonjwa huo huo.

#3 Fundi Waya
Mkuu Kisiki, huyo wa tatu hajakudanganya. Toyota nyingi za Japani zenye navigesheni zina kufuli: ukitoa betri inapoteza kumbukumbu, ikirudi inadai namba ya siri. Kioo hicho hicho kinakupa namba ndefu yenye herufi ERC mbele. Unaipiga picha, unamtumia mtu mwenye programu ya kukokotoa, anakurudishia namba ya kufungulia. Usibahatishe namba za kichwani.

Ikifunguka, ingia kwenye mipangilio uzime hilo kufuli. Usipozima, siku fundi akichomoa betri kubadilisha altaneta utarudi hapa kulia.

#4 Kijana wa Sinza
Sasa afungue ili apate nini? Kioo cha Kijapani, ramani ya Japani, redio inaishia 90. Miaka hii! Chukua Android mzee, unaweka Google Maps, unaweka YouTube, mtoto anaangalia katuni kwenye foleni ya Mwenge. Mimi ninayo ya inchi 10 kwenye Harrier, sijutii.

#5 Mzee wa Premio
Kijana wa Sinza, unavunja nyumba kwa sababu ya bawaba. Hilo la 90 lina dawa yake. Wajapani FM yao ilianzia 76 ikaishia 90, baadaye wakaisogeza mpaka 95. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Ndiyo maana redio zao hapa zinakamata kipande kidogo cha mwanzo tu. Clouds 88.5 unapata, Wasafi 88.9 unapata, EFM 93.7 huipati.

Kuna kidude kinaitwa ekspanda, kinachomekwa kati ya antena na redio, bei ya soda chache. Kinashusha masafa. Ukichukua cha megahezi 12, EFM utaikuta 81.7 na Clouds utaikuta 76.5. Umemaliza.

#6 Mnairobi
Mzee wa Premio, hesabu yako ni sawa kwa Dar, lakini usiwauzie watu wa huku. Kwa ekspanda ya 12, redio inayoishia 90 inafika 102 pekee. Hapa Nairobi Capital 98.4 utapata, lakini Classic 105.2 iko nje. Ukichukua ya 20 utapata Classic kwenye 85.2, halafu kila kitu kilicho chini ya 96 kinapotea. Mimi nilikuwa nayo kwenye Vitz, na kila abiria akiingia ananiuliza mbona kioo chasema namba nyingine.

#7 Mzee wa Premio
Sawa Mnairobi, nimekubali hilo la 105. Lakini mleta uzi yuko Goba, hayuko Westlands.

#8 Dada wa Tegeta
Mnamsumbua na hesabu. Anunue modulata ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, ina Bluetooth, ina mahali pa flash, na inachaji simu. Amebaki na laki tatu yake.

#9 Kijana wa Sinza
Dada, modulata inarusha kwa FM, na redio yake inaishia 90. Hapo kati ya 87.5 na 90 kwa Dar kuna nafasi gani? Akiweka 88.7 anasikia vituo viwili vinagombana juu ya wimbo wake. Akifika Bagamoyo labda.

#10 Dada wa Tegeta
Mimi natumia 87.5 na niko Tegeta huu mwaka wa pili. Sijasikia ugomvi.

#11 Fundi Waya
Kisiki, kabla hujatoa hela tazama nyuma ya redio yako au kwenye kibandiko chake. Kama ni NSZT-W62G au ndugu zake, Bluetooth imo tayari, imefichwa kwenye menyu tu. Chukua simu, fungua Google Lens, elekeza kwenye kioo, itakusomea. Kuna watu wengi wameuza redio nzuri kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hawakujua hilo.

#12 Kisiki wa Goba
Asante Fundi. Nimeangalia, yangu siyo hiyo, ni ya zamani kidogo na Bluetooth haina. Kwa hiyo naona safari ya namba ya siri imeishia hapo. Turudi kwenye Android na ya kampuni.

#13 Rijali wa Kigamboni
Sasa tuingie shambani.

Ndugu zangu, neno RAM 2 ROM 32 lililoandikwa kwenye boksi lisikutoe udenda. Hizi redio zisizo na jina, kuna zinazokuja zimechakachuliwa kwenye mipangilio: ukifungua ukurasa wa "kuhusu kifaa" inasoma Android 13, RAM 4, kumbe ndani ni Android ya zamani na RAM 1. Kibao kimeandikwa upya tu. Ukiwa dukani, mwambie muuzaji aunganishe Wi-Fi ya simu yako, weka CPU-Z au AIDA64 (programu za kukagua kifaa), usome mwenyewe. Akikataa, ondoka.

#14 Chipu Nne
Rijali uko sahihi nusu. CPU-Z nayo inasoma kile mfumo unachoiambia. Mfumo ukishafundishwa uongo, inameza. Kwenye RAM na toleo la Android hiyo inawezekana kabisa.

Cha kuangalia ni jina la chipu. Za bei ya chini nyingi zina prosesa ya viini vinne ya kizazi cha zamani, mfano Allwinner T3. Za juu kidogo utakuta Unisoc UIS7862 yenye viini vinane, na hiyo ramani, muziki na kamera vinakwenda kwa pamoja bila kukohoa. Na kama unataka kuthibitisha ROM, chomeka flash yenye filamu, uinakili ndani mara nyingi nyingi. Ikisema imejaa kwenye GB 10 na boksi linasema 32, umejua.

#15 Kijana wa Sinza
Dukani Kariakoo saa kumi jioni unakaa unanakili filamu? Watakufukuza na ufagio 😂

#16 Chipu Nne
Wakinifukuza nimebaki na hela yangu.

#17 Fundi Waya
Swali la mleta uzi kuhusu kuwa nzito. Ni kweli zinakuwa nzito, nazifungua kila wiki. Sababu kubwa kwa ninavyoona mimi ni joto. Nyuma ya ile chuma hakuna hewa, na kioo cha inchi 9 au 10 kinakaa mbele ya dashibodi kinachomwa na jua siku nzima. Chipu ikipata moto inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Zile zenye bati nene la kupoozea na feni ndogo nyuma huwa zinavumilia. Ukiinua redio mkononi ukaiona nyepesi kama sahani ya plastiki, rudisha.

#18 Rijali wa Kigamboni
Fundi, joto lingekuwa ndiyo sababu, asubuhi saa 12 gari likiwa baridi ingekuwa nyepesi. Yangu ilikuwa nzito asubuhi, mchana na usiku. Sababu ni Play Store. Inasasisha programu zenyewe kila ukishika intaneti. Google Maps ya leo siyo ya miaka mitatu iliyopita, imenenepa, na RAM ni ile ile. Zima usasishaji wa wenyewe siku ya kwanza na uone.

#19 Bi Mkubwa wa Kilimani
Mimi nasema wote mnakosea. Hizi redio hazizimwi! Unazima gari, yenyewe inalala tu ili kesho iwake haraka. Inaenda miezi haijawahi kuzimika hata siku moja. Hata simu yako ukiifanyia hivyo itachoka. Kuna tundu dogo pembeni limeandikwa RST. Chukua pini ya hijabu, bonyeza, subiri iwake upya. Yangu inafufuka kila nikifanya hivyo.

#20 Mnairobi
Bi Mkubwa, pini ya hijabu ndiyo zana bora kwenye uzi huu mpaka sasa.

#21 Chipu Nne
Kuna na la nne: kumbukumbu ya ndani. Ile chipu ya kuhifadhia kwenye redio za bei ndogo ni duni, kila ikijaa na kuandikwa tena inazidi kuchoka. Mtu anapakua filamu na nyimbo zote ndani badala ya kuweka flash. Ikishajaa hata kuwasha menyu ni mateso. Bi Mkubwa akibonyeza RST anapata nafuu ya muda tu.

#22 Bi Mkubwa wa Kilimani
Nafuu ya muda? Mwaka mzima ni muda gani kwako kijana?

#23 Mwarabu wa Unguja
Mimi niko Muscat, gari linalala nje na kiangazi huku nyuzi 40 ni jambo la kawaida. Jirani yangu ana Android isiyo na jina kwenye gari lake, inadunda. Mimi ninayo ya kampuni na kioo kilianza kuwa na doa jeusi pembeni. Kwa hiyo nadharia ya joto ya Fundi Waya naiheshimu ila haijanikaa vizuri.

#24 Fundi Waya
Mwarabu, jirani yako anaweka kile kizuia jua cha kung'aa kwenye kioo cha mbele au haweki?

#25 Mwarabu wa Unguja
Anaweka. Sikulifikiria hilo.

#26 Inchi Saba Kasoro
Niwape upande wa kampuni maana naona umeachwa yatima.

Kioo changu ni inchi 6.8. Hakina Android ndani, hakina Play Store, hakina kitu cha kunenepa. Nikiwasha gari, hakichelewi. Ubongo ni simu. CarPlay ilianza 2014, Android Auto mwaka uliofuata, na zote mbili zinafanya kazi moja: kioo cha gari kinakuwa kioo cha pili cha simu yako. Ramani ni ya simu, bando ni la simu, nyimbo ni za simu. Siku ukinunua simu mpya, na redio imekuwa mpya. Huyu wa Android akitaka wepesi lazima anunue redio nyingine.

Kisiki umetaja mambo manne tu. Hakuna hata moja linalohitaji Android ndani ya dashibodi.

#27 Kijana wa Sinza
Na simu ikiisha chaji?

#28 Inchi Saba Kasoro
Imechomekwa kwenye USB, inachaji. Ulifikiri waya ule ni wa pambo?

#29 Rijali wa Kigamboni
Hapo Inchi Saba umesema la maana, ila hujamaliza. Hata hizi Android za Kichina siku hizi nyingi zina programu kama ZLink, unaunganisha simu unapata CarPlay au Android Auto hivyo hivyo, hata bila waya. Bluetooth inasalimiana na simu kwanza, kisha mzigo wote unahamia kwenye Wi-Fi kati ya simu na redio. Kwa hiyo Kisiki anaweza kununua Android ya laki tatu na nusu, asiweke kitu chochote ndani, aitumie kama kioo cha simu. Amepata inchi 9 kwa chini ya nusu ya bei ya ile ya inchi 7.

#30 Inchi Saba Kasoro
Sauti sasa. Za kampuni zina kituna cha FM (sehemu ya kukamata vituo) cha uhakika na matundu ya kutolea amplifaya yenye volti 2, nyingine 4 au 5. Hizo zako ukiongeza sauti unaanza kusikia injini inaimba kwenye spika: unakanyaga mafuta, mluzi unapanda.

#31 Fundi Waya
Mluzi wa injini siyo kosa la redio kila mara. Mara nyingi ni waya hasi: umefungwa kwenye skrubu ya dashibodi yenye rangi, haushiki bodi vizuri. Au waya wa mawimbi wa amplifaya umepitishwa upande mmoja na waya mnene wa betri. Nimezimaliza kelele nyingi kwa kukwangua rangi tu.

#32 Masafa Marefu
Swali la kando. Nina Fuso ya volti 24, naweza kufunga hizi?

#33 Fundi Waya
Masafa, nunua konvata ya kushusha 24 kwenda 12, ya ampea zinazotosha. Na usiruhusu mtu akuchukulie umeme kwenye betri moja kati ya mbili ili apate 12. Ile moja itakufa na nyingine itachajiwa kupita kiasi.

#34 Masafa Marefu
Ndivyo nilivyofungiwa 🙆🏾‍♂️

#35 Mpenda Besi
Naona hakuna aliyezungumzia wati. Mimi nimechukua ya 4x60W, inapiga balaa.

#36 Chipu Nne
Mpenda Besi, hakuna redio ya kawaida ya gari inayotoa wati 60 safi kwa kila spika. Gari likiwaka umeme ni kama volti 14.4. Kwa spika ya ohm 4, kikomo cha sauti safi ni wati 26 hivi kwa kila spika, hapo hata kampuni kubwa haiwezi kupita bila kifaa cha kupandisha volti. Wati 50 na 60 za kwenye boksi ni za kilele cha kupasuka. Geuza redio utazame fyuzi: kama ni ampea 10, mara 14.4, ni wati 144 kwa kila kitu, kioo na taa zake zikiwemo. Hizo 240 zako zinapita wapi?

#37 Mpenda Besi
Hesabu zako ni nzuri lakini njoo Mbagala usikie.

#38 Mzee wa Premio
Anapigia masikio, wewe unampigia kikokotoo.

#39 Kisiki wa Goba
Nimesoma yote wakuu, mnanifaidisha. Maswali mawili zaidi. Duka moja wanasema lazima wakate soketi ya gari ili wafunge. Lingine wanasema kamera yangu ya nyuma ya Kijapani haitumiki, ninunue mpya. Kweli?

#40 Fundi Waya
La kwanza: akikushikia plaiya kukata soketi, mwondoe kwenye gari. Toyota ina soketi mbili nyuma ya redio, ya pini 10 na ya pini 6. Adapta yake inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana, unachomeka kwa kuchomeka. Ukikata, siku ukitaka kurudisha ya zamani au kuuza gari ni tabu, na viungo vya solotepu ndivyo vinavyoshika moto.

La pili: kamera yako inatumika, kwa masharti. Kamera nyingi za Toyota zinapewa volti 6 kutoka kwenye redio ya asili. Fundi asiyejua anaipa 12 kutoka kwenye taa ya rivasi, inaungua, halafu anakuambia "niliona haitumiki." Kuna kidude cha kushusha volti. Kikikosekana, kweli nunua mpya, ni rahisi kuliko ugomvi.

Na ukifika dukani uwe na vipimo. Nafasi ya redio ya Toyota ni milimita 200 kwa 100. Redio za kawaida za kampuni ni 178 kwa 100, kwa hiyo pembeni utahitaji vipande vya kuziba. Ya inchi 9 inakuja na fremu yake nzima ya gari, na fremu ya IST ya kwanza siyo ya IST ya pili. Waijaribishe kabla hujalipa.

#41 Bi Mkubwa wa Kilimani
Ongezea maikrofoni. Ile ya ndani ya redio mtu wa upande wa pili anakusikia uko chooni. Mwambie fundi achomeke ya nje, aipandishe kwenye nguzo karibu na kivuli cha jua. Mume wangu alikataa, sasa hivi kila nikimpigia anasema "ngoja nipaki."

#42 Mnairobi
Bi Mkubwa, una hakika tatizo ni maikrofoni? 😂

#43 Bi Mkubwa wa Kilimani
Wewe nitakutafuta Kirinyaga Road.

#44 Mtazamaji
Mimi na Passo yangu tuna lingine. Nilifunga Android kabla ya Pasaka, gari likikaa wikiendi nzima Jumatatu halistati. Betri mpya. Ni redio?

#45 Chipu Nne
Inawezekana sana. Weka mita, pima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa na limefungwa. Kama redio inanyonya ampea 0.3 ikiwa imelala, kwa siku ni Ah (ampea-saa) 7.2. Betri ya gari dogo ina Ah 35 au 40, kwa hiyo siku tano hivi umeisha, na kuistati utashindwa kabla ya hapo. Redio iliyolala vizuri haitakiwi kuzidi ampea 0.02 hivi.

#46 Fundi Waya
Kabla ya mita, tazama waya mwekundu na wa njano. Njano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni wa swichi. Kuna mafundi wanaviunganisha pamoja ili wamalize haraka, redio haizimiki kamwe. Na kuna wanaovigeuza: hapo kila ukizima gari inasahau saa, stesheni na Bluetooth yako.

#47 Mtazamaji
Yangu haisahau kitu.

#48 Fundi Waya
Basi imeunganishwa pamoja.

#49 Rijali wa Kigamboni
Au inalala kama alivyosema Bi Mkubwa namba 19, na muda wa kulala umewekwa mrefu. Kuna mipangilio ya kuamua izime kabisa baada ya muda gani. Tafuta hapo kabla hujarudi kung'oa dashibodi.

#50 Kijana wa Sinza
Kisiki mpaka sasa umeamua nini?

#51 Kisiki wa Goba
Nimeegemea wazo la Rijali namba 29, Android lakini niitumie kwa CarPlay tu. Ila mke amesikia neno YouTube, sasa anasema tamthilia yake ataiangalia tukienda kazini.

#52 Mzee wa Premio
Usianze. Za kampuni zina waya wa hendibreki, video haichezi mpaka uvute breki. Android nazo nyingi zinao, mafundi wanaupeleka moja kwa moja kwenye bodi ili video icheze gari likitembea. Waambie wauunganishe inavyotakiwa. Ukikutana na trafiki na tamthilia inaendelea, jitetee mwenyewe.

#53 Dada wa Tegeta
Abiria hana jicho? Wanaume bwana.

#54 Mzee wa Premio
Dada, abiria ana macho mawili, dereva naye ana mawili, na tamthilia ikinoga yote manne yanaelekea upande mmoja.

#55 Inchi Saba Kasoro
Kisiki, ukichukua Android isiyo na jina, siku ya kwanza jaribu FM nje ya mji, siyo Kariakoo. Mjini kila redio inashika. Pita Chalinze ndipo utajua kwa nini mimi nililipia.

#56 Fundi Waya
FM dhaifu kwa gari la Japani mara nyingi siyo kituna. Antena nyingi mpya, zile fupi na zile za pezi la papa, zina amplifaya yake inayodai volti 12. Umeme huo unatoka kwenye waya wa buluu wa redio. Fundi akiuacha ukining'inia, antena ni pambo. Uunganishe, kisha tujadili Chalinze.

#57 Mnairobi
Au aliyefunga ameacha ekspanda ya Kijapani ndani ya dashibodi. Redio mpya inafika 108 yenyewe, lakini ekspanda bado inahamisha vituo vyote. Ilinitokea, vituo vilikuwa vinajitokeza mahali pa ajabu na vimejaa kwaruzo.

#58 Inchi Saba Kasoro
Waya wa buluu uliunganishwa, ekspanda hakuna, gari ni lile lile, antena ile ile. Nilitoa ya Android nikaweka ya kampuni, vituo vikaongezeka. Fafanueni hapo.

#59 Fundi Waya
Ulichomoa na kuchomeka plagi ya antena. Huenda haikuwa imeingia mpaka mwisho mara ya kwanza.

#60 Inchi Saba Kasoro
Niliichomeka mwenyewe mara zote mbili, Fundi.

#61 Chipu Nne
Mlikuwa na kamera ya dashibodi imechomekwa kwenye kiberiti? Chaja zake za bei ndogo zinatoa kelele zinazokula FM nzima. Ichomoe usikilize.

#62 Inchi Saba Kasoro
Ipo. Na bado ipo mpaka leo, na FM inashika.

#63 Mpenda Besi
Chipu Nne, kuhusu zile wati za namba 36, nimegeuza redio. Fyuzi ni ya 15.

#64 Chipu Nne
15 mara 14.4 ni 216. Bado hujafika 240.

#65 Mpenda Besi
Nitaweka ya 30.

#66 Fundi Waya
Usithubutu! Fyuzi inalinda waya. Weka 30 kwenye waya ule mwembamba na dashibodi itawaka kabla besi haijapanda.